Katambuga, tyubu na mpira unaokataa kurudi nyuma

Nimepotea wiki mbili hizi kwa ajili ya testi na ripoti za maabara, lakini nipo, nadunda. Leo mnivumilie kidogo, naandika historia. Tena historia ya kitu ambacho wengi wetu tunakikanyaga au tunakipanda kila siku bila kukiuliza kimetoka wapi: mpira.

Chanzo ni ubishi wa chumbani. Mnajua chumba chetu, watu wanne kwenye karatasi, watu saba usiku. Jamaa mmoja, mtoto wa mjini, kaona katambuga zangu chini ya kitanda, kaanza: eti nyie watu wa Mpanda mpaka leo mnavaa matairi, wenzenu Ulaya tairi likichakaa linaingia kiwandani linatoka kitu kipya. Jamaa wa pili, mtu wa sosholojia, akaruka kunitetea: sisi Waafrika ndio tulianza kutumia vitu upya kabla ya Wazungu kujua hilo neno. Ubishi ukaenda mpaka saa nane za usiku. Mimi nilikuwa kimya, na wanaonijua wanajua kwamba nikiwa kimya naandaa makala.

Jibu langu ni kwamba wote wawili wameruka katikati ya hadithi. Kiwanda cha Ulaya na kibanda cha fundi wa Kashaulili vinapambana na tatizo moja, na ni tatizo la kemia lenye umri wa miaka zaidi ya 180. Na kuna ujuzi mmoja ambao kiwanda kinauhitaji sana na fundi anao tayari. Ujuzi huo uko hatarini kupotea. Ndiyo maana naandika.

Kwa wasiojua, Kashaulili ni kata katikati ya mji wa Mpanda, mkoa wa Katavi. Mkoa wenyewe bado kijana, ulizaliwa mwaka 2012, kabla ya hapo tulikuwa Rukwa. Mji wa Mpanda ulikua na mgodi wa madini ya risasi wakati wa Mwingereza. Reli ya kilomita 210 kutoka Kaliua ilijengwa kwa ajili ya mgodi huo mwishoni mwa miaka ya 1940. Mgodi ulifungwa mwaka 1960, reli ikabaki, watu wakabaki, na malori yakazidi kuja. Na malori yakija, matairi yanabaki.

Mtoto wa Kashaulili anakua na mpira mkononi. Tyubu ukiikata vipande virefu unapata kamba ya kufungia gunia la mkaa kwenye keria ya baiskeli. Ukikata vyembamba zaidi unapata manati. Kipande cha tairi kinakuwa bawaba ya mlango wa banda la kuku, au bushi ya gari lililokosa bushi. Kuna vitanda vilivyosukwa kwa mikanda ya tyubu badala ya kamba ya katani, na ukivilalia huamki na mgongo unauma. Halafu kuna katambuga zenyewe, viatu vya wafugaji, wakulima na wachoma mkaa, viatu ambavyo mwiba wa mgunga unavipigia hodi unarudi. Wakenya wanaziita akala. Wavietnamu nao walivaa za kwao wakati wa vita vyao na Wafaransa na Wamarekani. Kwa hiyo, wewe mtoto wa mjini, taratibu.

Sasa tuingie ndani. Kwa nini tairi haliyeyushwi kama beseni? Beseni la plastiki likipasuka linaweza kusagwa, likayeyushwa, likawa beseni tena. Tairi ukilipasha moto haliyeyuki, linaungua. Sababu iko kwenye jambo lililofanywa na Mmarekani Charles Goodyear mwaka 1839. Kabla yake mpira ulikuwa utomvu uliokauka: ukija joto unanata, ikija baridi unakuwa mgumu na kupasuka. Ndani yake ni nyuzi ndefu sana za kaboni na haidrojeni zilizolala ovyo kama tambi kwenye sahani, kila uzi unaweza kuteleza juu ya mwenzake. Goodyear akagundua kwamba ukichanganya mpira na salfa kisha ukaupasha moto, salfa inafunga mafundo kati ya uzi na uzi. Sahani ya tambi inageuka wavu. Wavu ukiuvuta unanyooka, ukiuachia unarudi, na haujali joto wala baridi. Hataza yake Marekani aliipata mwaka 1844. Kazi hiyo inaitwa kuvulkanisha, kwa jina la mungu wa moto wa Warumi.

Uzuri wake ndio balaa lake. Unga ukishasongwa ugali haurudi kuwa unga. Tairi ni ugali wa salfa. Na tangu siku ile binadamu anatafuta namna ya kurudisha ugali uwe unga.

Mtu wa kwanza kupata hataza inayokumbukwa ni Hiram Hall, Mmarekani, mwaka 1858. Alisaga mabaki ya mpira akayapika kwa mvuke mpaka yakalainika kiasi cha kuweza kuchanganywa tena. Miaka ya mwanzo ya 1880 akaja Chapman Mitchell wa Philadelphia. Tatizo lake lilikuwa viatu vya mvua, ambavyo mpira wake ulishikana na kitambaa cha pamba. Alitumia asidi ya salfuriki kukila kile kitambaa. Mwaka 1899 Arthur Marks akapata hataza ya njia iliyotawala miaka mingi: mpira uliosagwa unapikwa kwenye pipa la shinikizo pamoja na kostiki soda, hiyohiyo mama zetu wanayotengenezea sabuni. Kostiki inakula pamba, na inavuta ile salfa iliyobaki bila kufunga fundo. Kinachotoka kinaitwa mpira uliorejeshwa. Mimi nauita mpira wa sapu, umefeli mara ya kwanza umerudi kufanya mtihani.

Tuwe waangalifu na neno "kurejesha" lakini. Mafundo yaliyokwisha kufungwa hayafunguliwi yote. Pamoja na mafundo, nyuzi zenyewe zinakatikakatika. Wavu unachanika kuwa vipande vya wavu, na vipande hivyo ndivyo vinavyoweza kutiririka na kuchanganywa na mpira mpya. Unga unaoupata si ule wa mwanzo, ni pumba na chenga, ila zinapikika.

Utauliza, kwa nini watu wahangaike hivyo wakati mpira mpya upo? Bei. Na hapa historia inakuja mpaka nyumbani kwetu.

Mwaka 1888 John Dunlop alitengeneza tairi la upepo la baiskeli, na dunia ikaanza kuutaka mpira kwa kichaa. Mpira wa wakati huo ulitoka porini, Brazil na Afrika ya kati. Karema, kijiji cha mwambao wa Ziwa Tanganyika ambacho leo kimo ndani ya Katavi, kilikuwa kituo cha kwanza cha chama cha Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji katika ukanda wetu huu. Kapteni Cambier alikifungua mwaka 1879. Mwaka 1885 kituo kikakabidhiwa kwa Mapadre Weupe, na Leopold akahamishia nguvu zake ng'ambo, Kongo. Huko ndiko kijiji kilichoshindwa kuleta mpira wa kutosha kilichomewa nyumba, wanawake wakashikwa mateka, watu wakakatwa mikono. Ubaya huo ulisababisha Kongo aondolewe mkononi mwake mwaka 1908. Kutoka Karema unatazama maji tu, lakini upande wa pili wa maji hayo ndipo mpira wa matairi ya kwanza ulipolipiwa kwa damu.

Upande wetu Mjerumani alipanda mpira wa Ceará, ndugu wa mhogo. Wengi mnaujua bila kujua: ule mti ambao majani yake tunaita kisamvu cha mpira. Mashamba yalishamiri Tanga na Morogoro mpaka mwaka 1913, bei ikaanguka kwa sababu mashamba ya Malaya na Ceylon yalianza kumwaga mpira bora na wa bei nafuu sokoni. Mashamba yetu yakageuka pori. Ndio mtindo wa biashara hii: mpira mpya ukiwa ghali, kila mtu anakumbuka mpira wa zamani, ukishuka bei, mpira wa zamani unatupwa.

Mfano mkubwa kuliko yote ni mwaka 1942. Wajapani waliteka Malaya na Singapore, kisha visiwa vya Indonesia ya leo, na kwa mkupuo mmoja karibu asilimia 90 ya mpira asilia wa dunia ukatoka mikononi mwa Uingereza na Marekani. Bila mpira hakuna ndege, hakuna lori la jeshi. Tanganyika yale mashamba ya mpira yaliyotelekezwa tangu Mjerumani yalifufuliwa, na serikali ya kikoloni ikawapeleka watu kufanya kazi huko kwa lazima. Marekani, Rais Roosevelt mwezi Juni aliomba wananchi walete mpira wowote chakavu kwenye vituo vya mafuta, kwa malipo ya senti moja kwa ratili. Watu walileta mazulia ya gari, mipira ya kumwagilia bustani, viatu vya mvua. Zilikusanywa tani kama 450,000. Kwa miezi hiyo ya kiu, mpira uliorejeshwa ulisaidia kuvusha nchi nzima.

Lakini wokovu wenyewe ulikuja kutoka kwenye maabara. Wajerumani walishaanza miaka ya 1930 kutengeneza mpira sanisi kwa kuunganisha butadieni na stirini. Wamarekani wakajenga viwanda vya aina hiyohiyo, karibu sehemu tatu za butadieni kwa sehemu moja ya stirini, kwa kutumia petroli na hata pombe ya nafaka. Mwaka 1941 walikuwa wanatengeneza tani mia chache tu kwa mwaka mzima. Mwaka 1945 walikuwa wanatoa kama tani 70,000 kila mwezi. Hiyo si spidi ya kawaida jamani.

Na hapo ndipo viwanda vya kurejesha mpira vilipogonga ukuta. Sikilizeni vizuri, hiki ndicho kiini.

Mpira asilia ukiupika na kostiki unalainika, na ukiendelea kuupika unazidi kulainika, kwa sababu joto linakata nyuzi zake. Mpira sanisi wa stirini na butadieni una tabia nyingine. Mwanzoni unalainika vizuri, unafurahi. Ukiendelea kuupika nyuzi zilizokatika zinashikana upya zenyewe kwa zenyewe, na kitu kizima kinarudi kuwa kigumu. Ni kama maharage ambayo yanaiva saa ya kwanza, halafu saa ya pili yanageuka mawe. Kostiki ndiyo inaharakisha huo ugumu. Njia ya Marks iliyofanya kazi tangu 1899 ikawa haifai kwa tairi lenye mpira huu mpya. Wahandisi wakalazimika kuacha kostiki, wakatumia chumvi kama kloraidi ya zinki kula pamba, wakaongeza mafuta na kemikali za kulainisha, na wakajifunza kuhesabu muda kwa makini ili wazime moto kabla mpira haujageuka.

Ila hayo yote yanasaidia tu kama unajua umeweka nini ndani ya pipa. Mzigo uliochanganyika, nusu asilia nusu sanisi, unaharibu pishi zima: huyu ameiva, yule amekuwa jiwe. Tangu hapo kazi ya kurejesha mpira ikawa kwanza kabisa kazi ya kuchambua. Shikeni neno hilo.

Sasa ukishaupata, mpira uliorejeshwa una tabia gani? Tuseme ukweli, kwa nguvu haufikii mpira mpya. Ukiuvuta unakatika mapema, ukiudundisha haurudi juu sana, na ukiusugua unaisha haraka. Ndiyo maana huwezi kutengeneza uso wa tairi la basi kwa mpira huo peke yake. Lakini una mazuri yake ambayo watu wa viwandani wanayajua. Umeshapikwa na kusagwa, kwa hiyo unachanganyika haraka, mashine inakula umeme kidogo na haipati joto sana. Ukipitishwa kwenye tundu la kutoa umbo hauvimbi sana, na ukitandazwa haujikunji, hivyo kipimo unachotaka ndicho unachopata. Unaiva na salfa haraka, na unastahimili kuzeeka. Tena umekuja na kaboni nyeusi na mafuta yake ndani tayari, vitu ambavyo kwenye mpira mpya ungevinunua.

Kwa hiyo ulitumika, na unatumika, pale ambapo kujaza na kushika umbo ni muhimu kuliko kudunda: zulia la gari, soli na visigino, mabomba, mikanda ya kusafirishia mizigo, gundi, vizibo vya mapaa, na zamani makasha meusi ya betri za magari. Kwenye tairi lenyewe ulichanganywa kidogo sehemu za ndani ambazo haziigusi barabara. Na ule uliosagwa tu bila kupikwa, mhandisi mmoja wa mji wa Phoenix, Arizona, Charles McDonald, miaka ya 1960 aliuchanganya na lami ya moto akaziba nyufa za barabara. Lami hiyo ikawa inanyumbuka badala ya kupasuka. Sisi watu wa Katavi tuliokula vumbi miaka yote hiyo tukisubiri lami tungefaa kulifikiria hilo.

Baada ya vita mambo yakageuka tena. Mpira sanisi ukawa rahisi kwa sababu mafuta ya petroli yalikuwa rahisi. Halafu mwaka 1946 kampuni ya Michelin ya Ufaransa ikapata hataza ya tairi la radiali, lililoingia sokoni mwaka 1949, lenye mikanda ya waya wa chuma. Tairi hilo linataka mpira bora na halisamehe uzembe, na waya wake ni kazi kuutoa. Viwanda vingi vya kurejesha mpira vya Marekani na Ulaya vikafungwa kimoja baada ya kingine. Kazi ikahamia Asia, na leo China na India ndio wakubwa wake. Kwa hiyo yule mtoto wa mjini anayedhani tairi la Ulaya lote linarudi kuwa tairi jipya, hapana mkuu. Mengi husagwa, na mengi huchomwa kwenye tanuri za saruji.

Na sisi je? Tulikuwa na kiwanda. General Tyre pale Arusha, serikali ikiwa na asilimia 74 na kampuni ya Continental ya Ujerumani asilimia 26, kilianza kutoa matairi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Uzalishaji ukasimama mwaka 2009. Nairobi nako, kiwanda kilichoanza kama Firestone na baadaye kikaitwa Sameer kiliacha kutengeneza matairi mwaka 2016. Hii ina maana kubwa kwa mada yetu. Mteja wa asili wa mpira uliorejeshwa ni kiwanda cha tairi. Kikifa kiwanda, tairi chakavu linakosa pa kurudi. Linabaki na fundi.

Fundi ninayemjua mimi ni baba mdogo. Ana kibanda Kashaulili, kazi yake ni katambuga na mikanda ya tyubu, na sehemu ya ada yangu ya sekondari ilitoka humo. Likizo iliyopita nilikaa naye karibu wiki tatu. Nilimpa shikamoo, akanipa kisu na kopo la maji, ndio salamu yake. Maji ni ya kulowesha kisu, maana mpira mkavu unashika chuma lakini ukilowa unakatika kama siagi iliyoganda. Alikuwa na matairi kama kumi na mbili nyuma ya kibanda, na aliyoyagusa ni matatu tu.

Nikamuuliza, baba mdogo, haya mengine vipi?

"Hayo ya waya, mwanangu. Yanakula kisu, halafu waya unatoka unamchoma mteja. Zamani lori lilikuwa la nailoni tupu. Unachana tabaka, tabaka, kama kitunguu. Siku hizi la nailoni nalitafuta kama dhahabu."

Hapo ndipo hadithi ya Michelin ilipofika Kashaulili, miaka zaidi ya 70 baadaye. Fundi wetu hakuhitaji kufungua fundo hata moja la salfa. Aliuchukua ugali kama ugali, akaukata vipande. Ilikuwa akili kubwa, na ilifanya kazi kwa sababu tairi la zamani lilikuwa nyuzi za nguo na mpira. Tairi la waya limekataa. Kwa hiyo jamaa wa sosholojia naye nampa pole: ufundi tunaousifia unakosa malighafi, na sifa hazikati waya. Nyuma ya gereji moja nimeona matairi hayo yakichomwa ili watu wapate chuma cha kuuza. Moshi mweusi ule, wenye salfa na sumu nyingine, unaingia moja kwa moja kwenye nyumba zenye watoto.

Lakini kuna jambo lingine nililoliona pale kibandani. Baba mdogo anachambua. Analikunja tairi, analisikiliza, analikwaruza kwa ukucha, halafu anasema hili soli, hili bushi, hili halifai. Na kwenye tyubu ni zaidi. Alichukua mbili, nyeusi zote, kwangu mimi mapacha. Moja akaivuta akaiachia, ikarudi pa! Ya pili ikarudi taratibu, kama mtu aliyeamshwa usingizini. "Hii ya kwanza ya manati. Hii ya pili imelala, lakini hii ndiyo inakaa na upepo mwezi mzima."

Jamani. Hiyo ni maabara. Tyubu iliyolala ni mpira wa butili, mpira sanisi uliogunduliwa Marekani mwaka 1937. Kazi yake kubwa ni kuzuia hewa isipenye, na tabia yake inayojulikana ni kutodunda. Iliyorudi kwa kishindo ina mpira asilia. Watoto wa Kashaulili wote tulilijua hili kwa sababu ya manati, ila hakuna aliyetuambia kwamba ni sayansi.

Na butili ndiyo mlango. Mafundo yake ni machache, ukiipasha moto na kuisaga inalainika bila ule ukaidi wa kurudi kuwa jiwe. Tyubu haina waya, haina nailoni, imeshajitenga yenyewe. Kati ya mipira sanisi yote, butili ya tyubu ni miongoni mwa iliyo rahisi kurejesha, na inayotoka inakubalika kwenye tyubu mpya, kwenye tabaka la ndani la tairi lisilo na tyubu, na kwenye mikanda ya kuziba mapaa yanayovuja. Ina sharti moja tu, kali: isichanganyike na mpira mwingine. Butili na mpira wa kawaida haviivi pamoja, kiasi kidogo tu cha mmoja kinaharibu mwingine. Mashine za kutenganisha ni ghali. Mkono wa baba mdogo hauhitaji umeme.

Ndiyo maana nasema kilicho hatarini si katambuga peke yake. Katambuga zikikosa nailoni, vibanda vitafungwa, na watu wanaoweza kutofautisha mipira kwa kuvuta na kuachia wataenda kuendesha bodaboda. Siku mtu akija na mtaji wa kusaga na kurejesha mpira, Mpanda au Tabora au popote, atakuta rundo la matairi na hatakuta wachambuzi. Viwanda vya kurejesha mpira vilijifunza kwa hasara kwamba bila kuchambua, pishi linaharibika. Sisi tuna wachambuzi leo, wamekaa kwenye vibanda, tunawaona ni watu wa viatu vya shida.

Mimi nimeshaandika pendekezo la mradi wangu wa mwaka wa tatu. Ni dogo tu: kuchukua tyubu zilizochambuliwa kwa mkono na mafundi, kuzipima maabara, tuone mkono unapatia mara ngapi kati ya mia. Nikipata namba nzuri, basi fundi anaweza kuuza butili safi kwa kilo badala ya kungoja mwenye mkaa aje kununua kamba. Msimamizi amesema atalisoma. Baba mdogo nilipompigia simu kumweleza alicheka, akaniuliza kama chuoni siku hizi wanatoa digrii ya manati.

Nikamwambia bado, ila tuko njiani. Akasema atanitunzia tyubu, za kulala upande wake na za kuruka upande wake, nizikute likizo.

Haya, bumu halijaingia, lekcha ni saa moja asubuhi, na mwenye kitanda anataka kulala. Tupo pamoja.